Mwenyekiti wa jumuiya hajabatizwa

Rhoda, haya kanieleza Cornelia asubuhi hii tukipura ulezi. Mboje HAJABATIZWA! Mboje huyu huyu Msukuma wa ng'ombe, mwenyekiti wetu wa jumuiya!

Jana padri alikuja kusali na jumuiya kwa Cornelia. Akamuuliza, "Mwenyekiti, ulibatizwa parokia gani?"
"Bado, Baba."
Bado! Na sisi tukiona hapokei komunyo tunasema maskini, hajafunga ndoa.

"Sasa mbona unaongoza rozari?"
"Walinishikisha siku ya kwanza, nikaona aibu kuirudisha. Nikajifunza."
Padri alicheka mpaka akashika tumbo. Kasema mafundisho yaanze Jumamosi.

Ila Fabiani, mume wa Cornelia, hakucheka. Si unakumbuka mazishi ya mama yake? Padri alikuwa safarini, aliyeongoza sala ni Mboje.
"Mama yangu yuko wapi sasa? Kasindikizwa na mpagani!"
Padri akamwambia Mungu amesikia. Wapi!

Kulala akashindwa. Anageuka, anaguna, mpaka Cornelia akamfukuza kitandani. Akaenda moja kwa moja kumgongea Mboje.
"Amka, tumwombee mama upya."
"Lakini mzee, mimi si ndiye mpagani?"
"Ndiyo wewe. Ila matendo ya rozari mimi siyajui. Wewe ongoza, mimi Mkristo nitaitikia."

Rhoda, kufika tendo la pili, Mkristo anakoroma. Mboje akamfunika blanketi, akaongoza na kujiitikia mwenyewe mpaka mwisho, akamwongezea yule mama na litania, ndipo naye akalala.