Wakikukaribisha Chai, Usingoje Mara ya Pili

Mwanangu Paskalina,

Marahaba, maana najua hata huko Uingereza ukiuona mwandiko wangu utaniamkia kwanza. Huku Bashay maharage yametoa maua na ng'ombe mwekundu amezaa. Mimi ndiye nisiye sawa tangu tulipoongea kwenye simu Jumapili.

Unakumbuka tulipokwenda kwa jirani yetu Mama Emanuel kuazima jembe? Ulikuwa hujaanza shule. Tukakuta wametenga ugali na maziwa ya mgando, akasema, "Karibuni, mnawe." Nikasema tumeshiba, tunashukuru. Wewe ukaruka: "Mimi sijashiba, mama! Tangu asubuhi sijala!" Nikakufinya paja. Mama Emanuel akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwache mtoto, wewe na maringo yako! Naweni bwana." Ndipo tukala.

Njiani nikakufundisha: mtu akikukaribisha mara ya kwanza anakupima, mara ya pili ndiyo anakuita. Ukalishika somo lile kuliko hesabu. Tukienda harusini Dongobesh, au kwa shangazi yako kule Katesh, watu wanauliza, "Huyu mtoto umemlea vipi?" Nami navimba kama andazi. Sikatai, nilivimba.

Sasa unaniambia mwalimu mwenzako alikuuliza kama utakunywa chai, ukasema hapana, asante, ukangoja akuulize tena. Akageuka akamimina yake. Kesho yake vilevile. Siku hizi hawakuulizi kabisa, wanadhani hupendi kukaa nao, na chakula chako unakila peke yako darasani, katikati ya madawati matupu. Kisha mwalimu mkuu akakuita. Akasema unafundisha vizuri, wanafunzi wanaelewa, ila hujichanganyi na wenzako, na mwisho wa muhula wataamua kama wanakuongezea mkataba.

Paskalina! Wewe? Uliyekuwa unaongea mpaka baba yako anatoka nje kupumzisha masikio? Eti siku hizi kabla ya kusema neno unalipanga kichwani, unalikagua, na ukimaliza kulipanga wenzako wameshahamia habari nyingine. Hata kucheka unaogopa, usije ukacheka pasipochekwa. Na kilichonitisha zaidi, nilisikia unaongea hivyohivyo na mimi. Unanyamaza kwanza. Unachagua. Mimi mama yako!

Basi nisikilize, maana nimelifikiria jambo hili kila nikikamua. Kwa wale, hapana ni hapana. Sidhani ni ubaya, labda ndiyo heshima yao, hawapendi kumlazimisha mtu. Wakikukaribisha, sema ndiyo palepale. Wasipokukaribisha, chemsha wewe, uwaite. Hakuna atakayesema umelelewa vibaya. Aliyekulea ni mimi, na nimekuruhusu. Siku wakikusikia unavyoongea kweli, watakugombania.

Nasema hivyo, lakini naogopa, mwanangu. Huenda ukajaribu wakakutazama tu. Huenda mwisho wa muhula wakasema hapana, na hapana yao tumeshaijua.

Na lile swali lako la mwisho, "Mama, wakinirudisha, watu utawaambia nini?" Nilisingizia mtandao unasumbua. Wewe unaujua mdomo wangu. Kanisani, mnadani, kwenye mashine ya kusaga, wote wanajua mwanangu anawafundisha Wazungu fizikia. Ndiyo maana uliuliza, nimeelewa.

Jibu ni hili. Nitasimama palepale mashineni, kwa sauti ileile, niseme, "Paskalina wangu amerudi." Atakayetaka kujua zaidi, nitamuuliza wa kwake alifika wapi.

Nipigie, hata kama huna la kusema. Usilipange kwanza.

Ni mimi mama yako, ninayekuota kila siku.