Mate ya Kumbariki Jepkemei

Kwa ndugu yangu mdogo Kipchirchir, huko Rhonda,

Pokea salamu kutoka Olenguruone. Mvua ni mzuri na ng'ombe wamenenepa. Nakuandikia kwa mkono yangu kwa sababu simu imenishinda. Nikisema maneno kumi, ulimi inashikana na meno.

Ile miale walinichoma nayo shingoni ilimaliza kansa, lakini ilimaliza mate pia. Daktari anasema tezi za mate upande wa kulia zimekufa. Za kushoto ziliumia tu, zitarudi polepole, pengine mwaka, pengine miwili. Mimi huyu, ugali nasukuma na supu kama mtoto!

Na mjukuu wangu Jepkemei anaolewa Desemba. Unajua ni nani hubariki wasichana wa hii boma. Mama yake nilimtemea mate kifuani, akapata watoto saba. Mate yangu ilijulikana mpaka Keringet! Sasa ati unamwambia mke wangu nitumie maji ya chupa. Maji ya chupa ni baraka ya nani? Kila asubuhi najaribu kutemea ndama. Ndama ananiangalia tu.

Nilimwambia Jepkemei arusi ingoje mate. Nilifikiri atakataa, nipate wa kugombana naye. Akasema, "Sawa, kugo. Hata miaka miwili nitangoja."

Hapo ndipo nilishindwa.

Kwa hivyo njoo Desemba. Simama kando yangu, uteme wewe. Lakini maneno nitasema mimi. Ni kumi tu, nimeshayahesabu.

Bado ni mkubwa wako,
Kiptanui