Watu wa Ukuta Ambao Ulitukataza Kuwaruka

Baba,

Nimefika Soweto, hapa Mbeya, mchana huu na basi la kutoka Mafinga, na kabla sijafungua mzigo nimekaa kukuandikia. Shajara yangu inasema hii ni wiki ya saba tangu tukuzike. Nataka kukueleza habari ya Mama na Biblia yako.

Kila mwaka mpya ulininakilia orodha ya masomo ya kila siku kwa ile kalamu yako bapa ya useremala. Saa kumi na mbili asubuhi wewe unamsomea Mama jikoni, na mimi huku Mbeya nasoma fungu lile lile, kisha naandika: tarehe, sura, mvua au ukungu. Barua zako hazikuanza kwa kuuliza afya yangu. Ziliuliza, "La Jumatano umelionaje?"

Uliondoka tukiwa katika Nehemia, penye majina ya watu waliojenga ukuta. Tangu niko shule majina yale yalinichosha, nawe hukukubali. "Hao walibeba mawe, Tumaini. Wasome." Mama, akikoroga uji, alikutania: "Baba Tumaini, hao wote ni shemeji zako?" Ulicheka ukaendelea, jina kwa jina. Ukifika kwa yule aliyejenga pamoja na binti zake, ulinyanyua kichwa ukanitazama mimi, mtoto wako wa pekee.

Wiki iliyopita nilipokwenda Mafinga kukaa na Mama, nilikuta kipande chako cha maranda ya mbao ya paina, alama yako ya ukurasa, bado kimelala katikati ya sura ile, pale ulipoishia. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Mwinjilisti alipokuja, Mama alimwambia asome Biblia yake mwenyewe, hii hapana.

Mimi nikahesabu siku. Tulikuwa nyuma siku arobaini na kitu. Basi asubuhi ya kwanza nikakitoa kipande, nikafungua fungu la tarehe ile, nikasoma vizuri kabisa, kama niko mbele ya mwalimu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Umewaruka watu wa baba yako," akasema, akatoka kwenda kuchambua maharage.

Siku mbili hakutaka nimsomee. Niliogopa, Baba. Niliona nimemnyang'anya ile saa moja ya kuwa nawe iliyombakia, na kwamba nikirudi Mbeya kitabu kile kitafungwa, kisifunguliwe tena.

Asubuhi ya tatu nilikirudisha kipande mahali pake. Ukurasa niliujua, vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye mshono. Sikumwita Mama. Nilianza tu majina, pole pole, nikikosea pale pale ulipokuwa ukikosea wewe. Akaja na ungo wake, akaketi. Nilipofika kwa yule mwenye binti, nikakwama. Sikuweza.

Mama akauweka ungo chini. Hili hukulijua, alikuwa anakuwekea zawadi mpaka Krismasi: tangu mavuno anakwenda kisomo cha watu wazima, kujifunza kusoma. Akaweka kidole kwenye mstari, akasoma silabi kwa silabi, mpaka kwenye "yeye na binti zake". Uji ulianza kushika chini ya sufuria, hakuna aliyeinuka.

"Kumbe hawakuwa shemeji," akasema.

Kisha akakihamisha kipande mwenyewe, hadi ukurasa unaofuata.

Orodha nimemwachia, nimejinakilia nyingine. Tumekubaliana kwenda kwa mwendo wake, si kwa mwendo wa tarehe, na ataniandikia amefika wapi. Mwaka utaisha tukiwa nyuma sana. Nadhani hutajali.

Nakuahidi sitamruka mtu tena, hata yule ambaye jina lake linanishinda. Na leo kwenye shajara, mahali pa mvua au ukungu, nimeandika jina lako lote, na chini yake: yeye na binti yake.

Pumzika, Baba.

Tumaini