Kata Upande wa Kushoto

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi imekataa kuondoka. Ukungu umeikalia Nyeri tangu wiki jana, mlima sijauona hata mara moja. Vidole vinaniuma nikishika kamera ya studio — ya Mzee Dhiren, si yangu. Niandike tena nisije nikajidanganya: digrii ya upigaji picha ninayo, kamera sina.

Leo makurutu kumi na wanne wa polisi kutoka Kiganjo, picha za pasipoti. Wote wamekunja uso kana kwamba wameambiwa wamkamate mpiga picha. Nikamwambia mmoja alegeze shavu, hapa hakuna mwizi. Akacheka! Picha ikaharibika, maana pasipoti haitaki meno. Kazi yangu ndiyo hiyo sasa, kuwazuia watu kucheka.

Mchana Madam Wakonyo akapiga simu. Alitufundisha miaka yote minne. Chuo kinaleta maonyesho huku Nyeri, Jumamosi ya tarehe 26, ukumbi ule wa juu karibu na soko: kazi za waliohitimu na mafanikio yao. Akanisomea. Watiri ametoa kitabu cha picha za wachuma chai. Kim, yule aliyekuwa akisahau kufungua kifuniko cha lensi, kazi zake zimetundikwa Ujerumani. Na Gathogo — hapo akasita, anajua — Gathogo ameshinda tuzo Nairobi, na sasa ameitwa ng'ambo mwaka mzima, kupiga picha tu.

Nikasema hongera kwao. Nikangoja jina langu.

"Na wewe Rehana, si Mzee Dhiren ako na ile printa kubwa? Tunaomba mtuprintie zote."

Sawa, Madam. Nimekula chapati tatu tangu nifike nyumbani.

Alhamisi, 17 Julai

Picha zimeanza kuingia kwenye kompyuta ya studio. Za Watiri ni nzuri, nzuri sana. Kuna bibi mmoja ameshika jani la chai kwa meno huku anafunga mtoto mgongoni. Nimeitazama mpaka chai yangu ikapoa. Wivu ninao, wa kutosha na wa kugawia jirani.

Za Gathogo bado. Moyo wangu unaruka kila kompyuta ikilia. Mjinga mimi.

Tulikuwa na kamera moja, sisi wawili. Tulichanga tukainunua mwaka wa pili, tukawa tunaivaa kwa zamu, asubuhi yangu, jioni yake. Mwea tulienda nayo, tukaingia majini mpaka magotini kupiga wapanda mpunga, yeye akishika mkoba, mimi nikishika kamera, kisha tunabadilishana. Kadi ya kuhifadhia picha, moja. Picha zake na zangu zimelala humo pamoja. Jioni tunakaa na kugawana: hii yangu, hii yako. Hatukuwahi kugombana. Kila mtu anaijua picha aliyoipiga, huwezi kukosea, ni kama kukosea sauti yako mwenyewe.

Alisema ataleta wazee wake wamwone Baba. Mama akaanza kununua vikombe. Kisha Machi 2023 Mama akafa, asubuhi, na alasiri tukawa tumeshamzika. Baada ya wiki mbili Gathogo akaomba kamera, anaenda nayo Nairobi mwezi mmoja tu. Wazee wake hawakuja. Vikombe bado viko kwenye karatasi zake.

Nilimwomba kitu kimoja tu, kadi. Akasema iliharibika, haisomeki. Nikamwamini. Nililia zaidi kwa ajili ya ile kadi kuliko nilivyolia siku ya mazishi.

Ijumaa, 18 Julai

Kadi haikuharibika.

Siwezi kuandika. Kesho.

Jumamosi, 19 Julai

Niandike polepole.

Picha za Gathogo zilikuja jana saa tano, picha sita. Mpanda mpunga wa Mwea. Muuza samaki wa Sagana. Mama wa kibanda cha Kiganjo. Nyingine mbili. Ya sita ndiyo ya tuzo: "Mwanamke Anayecheka, Majengo." Majengo ni mtaa wetu. Nikaifungua.

Mama.

Mama ameketi kitandani kwake, ametoka kuoga, nywele zimeshuka mpaka kiunoni, kitana mkononi, mafuta ya nazi pajani. Anacheka. Miaka miwili na zaidi sijauona mdomo ule ukicheka, nikawa nausahau, nikawa nautunga tu kichwani. Na sasa huu hapa, kwenye kioo cha kompyuta ya kazini, katikati ya foleni ya watu wa pasipoti.

Ni picha YANGU. Niliipiga mimi, Ijumaa moja, mlango umefungwa. Mama hakuwahi kuacha kichwa wazi mbele ya mtu, hata mbele ya Gathogo ambaye alimwita mwanangu. Nilipoinua kamera akasema, "Weka hiyo chini, sina kitu kichwani." Nikasema, "Ni yangu na wewe tu, Mama. Haitoki humu chumbani." Akanitazama kupitia kioo cha kabati akacheka. "Mwongo wewe," akasema. Nikabonyeza.

Na kabati limo kwenye picha, upande wa kushoto. Kwenye kioo chake nimo mimi, dera la kijani, kamera usoni. Mama anamchekea yule wa kwenye kioo.

Chini Gathogo ameandika maagizo kwa mpiga chapa, yule fundi wa Mzee Dhiren anavyodhani yeye, maana hajui kwamba fundi ni mimi: "Hii printi yote, halafu kata upande wa kushoto, robo nzima. Kabati isionekane."

Nimesoma mara ngapi sijui. Ameniagiza nijikate.

Jumapili, 20 Julai

Nimempigia. Nilijiapiza sitampigia maishani — nimempigia.

Nikamwambia ni mimi ninayeprinti. Nikasikia gari zikipita kwake huko Nairobi. Kisha akasema ati angeniambia. Kuna jamaa alirudisha picha zote kutoka kwenye kadi, mwaka jana.

"Na hukunipigia?"

"Rehana, wewe ulikuwa umeachana na picha. Hiyo ingekaa tu hapo ifanye nini?"

"Ni mama yangu."

"Najua. Nilimpenda pia." Nilitaka kumtupia simu kichwani, lakini najua ni kweli, na hilo ndilo linaloniua. "Sikiza. Wale watu wa ng'ambo walinichagua juu ya hiyo moja. Zingine hawakuziangalia hata. Ukitoa hiyo, mimi sina kitu. Kata tu vile niliandika. Please."

Nikamuuliza, kwa hiyo unajua ni yangu. Akasema anajua. Hakuzunguka hata. Ningependa angedanganya.

Nikamuuliza tena kuhusu wazee wake, wa vikombe. Sijui kwa nini! Akakata simu, au labda mimi ndiye niliyekata.

Jumanne, 22 Julai

Madam Wakonyo alipita studio kukagua. Alisimama mbele ya ile picha kwenye kompyuta. Nilikuwa nimefunika kushoto kwa karatasi, aione jinsi alivyoiona Nairobi. Akasema, "Anacheka na kitu hatukioni. Nguvu yake iko hapo." Hajui ni mama yangu, hakuwahi kumwona. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, hatua moja, kile kitu asichokiona.

Jioni Baba naye. Amesikia msikitini kwamba chuo chetu kinaonyesha kazi mjini. Amelitoa koti lake la kahawia, analipiga brashi.

"Na zako zitakuwepo?"

Nikasema nimezitengeneza zote. Si uongo.

"Basi nakuja. Mimi Huseni siwezi kukaa nyumbani watu wakitazama kazi ya mtoto wangu."

Nikasema kuna ngazi nyingi, kuna baridi, na jicho lako la kushoto lina mtoto wa jicho, utaona nini? Akasema ataona kwa lile la kulia. Nilipaswa kumwambia hapo hapo. Kulikuwa na nafasi, kulikuwa na chai, tulikuwa wawili tu. Nikaosha vikombe.

Alhamisi, 24 Julai

Nimeiprinti. Ilitoka polepole kwenye mashine, nywele kwanza, kisha paji la uso, kisha yale macho. Kubwa karibu kama meza. Nikailaza, nikaweka rula ya chuma juu ya mstari wa ile robo aliyoagiza, nikashika kisu. Kisu kikapita hewani tu. Mara tatu.

Ningeweza kukataa kuiprinti kabisa. Niandike hili wazi, kwa sababu humu hakuna mtu wa kumdanganya. Ningemwambia Madam Wakonyo, huyu ni mama yangu, na hakutaka kuonekana hivi, iondoeni. Angeiondoa. Gathogo angekosa safari, Mama angebaki chumbani kwake, na mimi ningebaki na picha yangu. Hilo ndilo lilikuwa jambo la haki, na nililiona.

Lakini nilitaka wanione. Hapo ndipo penye uchafu wangu. Nilitaka Nyeri nzima isimame iseme, kumbe ni Rehana.

Nimeichukulia fremu kubwa. Mzee Dhiren akaja akatazama, akavua miwani, akavaa. Akasema hii fremu kubwa kushinda order. Kisha akagusa kioo cha kabati kwa kidole kidogo.

"Hii ni wewe."

"Ndiyo, Mzee."

"Na mzee Huseni ameona?"

Nikasema bado. Akachukua kile kitambaa cheusi tunachofunikia mitambo, akamfunika Mama taratibu, mpaka chini. Miaka arobaini anapiga picha za watu wa mji huu. "Fikiria kwanza," akasema. "Ikitundikwa, imetundikwa."

Sikufikiria. Nilifunga kamba.

Mwongo wewe. Mwongo wewe.

Ijumaa, 25 Julai

Gari la chuo limechukua fremu zote asubuhi. Ukutani kuna alama tupu ya vumbi pale zilipoegemea.

Baba ameomba nimpigie pasi kanzu. Nimepiga pasi. Sijasema.

Jumamosi, 26 Julai

Niko stoo ya ukumbi, nimekaa juu ya kreti ya soda. Kalamu ni ya kitabu cha wageni, nimetoka nayo mkononi bila kujua.

Gathogo alifika saa nne. Amekonda. Alienda moja kwa moja kwenye picha yake, akasimama, akaweka mkono kwenye ukingo wa kushoto wa fremu kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Hukukata."

"Sikukata."

"Rehana, hao watu wa ng'ambo wanaingia saa tano."

Nikamwambia nilikuwa hapo. Ndicho kilichonitoka, "Nilikuwa hapo." Hakupiga kelele. Alikwenda akakaa kwenye ngazi, na mimi nikadhani nitafurahi. Nilikuwa nimengoja kufurahi wiki nzima. Hakuna kitu. Nilimtazama shingo yake tu, nikakumbuka Mwea, matope, na mkoba wangu begani kwake.

Watu wakajaa. Watiri akanikumbatia, akaona picha, akaona kioo, akanigeukia mdomo wazi. Nikamwashiria anyamaze. Karatasi ya ukutani inasema kazi ya Gathogo.

Saa tano na nusu Baba akaingia. Kofia, kanzu, koti la kahawia, fimbo. Alikuwa anaamkia kila mtu. Nilianza kumfuata, ati nimgeuze aanze na wachuma chai, lakini alikuwa ameshaona. Picha kubwa hivyo, hata jicho moja linatosha.

Akasimama. Akasema, "Mishi."

Hakuna aliyesikia ila mimi. Alilisema jina hilo la Mama kama alivyokuwa akilisema mlangoni akirudi kazini, kumjulisha tu kwamba amefika.

Kisha akageuka. Akaipa picha mgongo, akafungua koti lake kwa mikono miwili, akalitanua kadiri linavyotanuka. Baba ni mfupi. Koti lilifika kwenye mabega ya Mama tu, nywele za kichwani zilibaki juu ya kofia yake. Alikuwa anamsitiri, na watu wakadhani anapozi! Wakacheka kwa upendo, wakatoa simu. Mmoja akasema, "Mzee, angalia hapa, smile kidogo!" Mwanga ukampiga usoni. Na Baba amesimama vile vile, koti wazi.

Ndipo nikakimbia. Si kwake. Huku.

Mlango sikuufunga vizuri, namwona. Ameanza kuuliza.

"Nani alipiga hii?"

Mtu akamsomea karatasi, akamwambia ni huyu Gathogo. Baba amemtafuta kwa lile jicho zima mpaka amempata.

"Kijana wangu. Wewe uliingia chumbani kwa mke wangu?"

Watu wote wamegeuka. Hata simu zimeshuka.

Neno moja tu lingemtoa. Aseme si mimi, ni Rehana. Gathogo anatazama sakafu. Ananilinda, au analinda tuzo? Wale wageni wa ng'ambo wamesimama nyuma yake na glasi zao. Labda yote mawili. Sitajua kamwe, na miguu yangu haisimami. Nimeiambia isimame. Nimeandika hapa isimame.

"Nakuuliza tena. Uliingiaje mle?"



Madam Wakonyo amemsogelea Baba. Anamshika kiwiko, kwa heshima, anamgeuza taratibu aelekee picha. Anampeleka upande wa kushoto. Anamwonyesha kioo kwa kidole, na Baba anainama, anasogeza lile jicho zima karibu —