Sahani ya Bi Mwanaisha na Yule Mfaransa

Jumapili, hapa Laurel, Amerika. Manyunyu tangu alfajiri, mbingu imenuna kama mimi.

Leo sielewi. Na mimi si mtu wa kutoelewa.

Mjukuu wangu Rukia anasoma chuo kikuu kule mjini, mtaa wa Shaw. Mwaka mzima huu anaandika juu ya mzee mmoja wa Kifaransa, mchumi na tena mwanafalsafa. Kazi mbili, na zote za kukaa kitako. Mimi namenya vitunguu, yeye ananisimulia maisha ya mtu huyo: alikwenda Afrika kijana kuwafundisha watu maendeleo, akarudi kwao akisema aliyefundishwa ni yeye. Hapo nilimpenda. Mtu anayekiri hivyo kalelewa. Kisha akaandika vitabu kwamba dunia haiwezi kuumuka tu kama unga wa hamira bila kufurika bakuli, na kwamba watu wa siku hizi kila kitu wamekitia bei, hata ujirani.

Nikasema, naam, maneno ya mtu mzima hayo.

Sasa tazama alivyoyafanya Rukia.

Rukia kachumbiwa. Mama wa mchumba, Bi Mwanaisha, mtu wa Mombasa, anakaa mtaa wa Columbia Heights, huko huko mjini. Alituletea vitumbua kwenye sahani yake ya maua, ile anayoitoa kwa watu anaowaheshimu. Nikamwambia Rukia, sahani hiyo isitoke humu mpaka nioke kitu. Nikaenda zangu kwa daktari wa macho. Kurudi, sahani haipo. Kaiosha, kaifuta, kaipeleka.

Tupu!

Kwetu Unguja sahani hairudi tupu. Ukikosa cha kupika, tia hata sukari, hata malimau mawili. Sahani tupu inamwambia mwenzio: tumemalizana, usilete tena. Na huyo ndiye mkwe!

"Bibi, ukirudisha na kitu inakuwa biashara," ananiambia, macho makavu. "Anatoa, unalipa. Ndicho anachokipinga Mfaransa wangu."

"Biashara? Mimi nimefungua duka? Huyo Mfaransa wako ana mkwe?"

"Sijui, Bibi."

"Basi mwaka mzima umesoma nini?"

Bi Mwanaisha hakupiga simu tena, yeye ambaye kila asubuhi huniuliza nimeamkaje. Ijumaa tulikuwa tukutane kupanga siku ya nikaha. Ijumaa ikapita kimya. Mchumba akimuuliza mamake, anajibiwa "tutaona". Kila Mswahili anaijua hiyo tutaona. Rukia akaacha kula. Nilimkaripia, lakini moyo uliniuma.

Leo nimeoka mkate wa kumimina, nikautia kwenye sahani yangu mwenyewe, nikamburura mwenye kosa. Gari mpaka kituo cha Greenbelt, kisha treni ya mstari wa kijani, sahani mapajani mwake imefungwa kwa kanga. Njiani kafungua kitabu. Kasoma, karudia.

"Bibi, hapa anasema kule Afrika aliona watu wanaishi kwa kutoa na kurudisha. Kwamba kurudisha ndiko kunakowashikanisha."

"Na ukurasa huo ulikuwa umejificha wapi?"

"Niliusoma. Nilidhani ni habari za watu wengine."

Nikaikaza kanga ya sahani, na wala haikuwa imelegea.

Bi Mwanaisha kafungua mlango, kaitazama sahani kabla ya nyuso zetu. "Nikadhani watu wa Unguja mmenichoka."

"Asiye na adabu ni huyu," nikamsukuma Rukia mbele.

Rukia kainama, kambusu mkono. "Shikamoo, mama. Nimekosa."

"Marahaba." Hilo tu. Lakini sahani kaipokea kwa mikono miwili.

Tulikunywa chai. Tukazungumza baridi, magoti, bei ya nazi. Nikaha, hata neno. Wakati wa kuaga nikachungulia jikoni: sahani yangu iko mezani, na mkate wake. Hakuuhamisha mkate, hakunirudishia sahani. Nami sikuuliza.

Sasa nimekaa hapa kichwa kinazunguka. Huyo mzee aliiona sahani yetu, akaiandika kwa Kifaransa, ikageuzwa Kiingereza, ikaja Amerika, mjukuu wangu akanisomea mimi ndani ya treni. Safari yote hiyo, kwa jambo lililokuwa kabatini mwangu. Nimtukane au nimshukuru?

Sijui.

Ninachojua, sahani yangu iko Columbia Heights. Na kila gari likipunguza mwendo hapo chini, naacha kuandika, naenda dirishani.