Kikomo Kilichopotea

Jumatatu, 4 Machi
Mzee wa Nukta amerudisha tena kazi ya shemeji, ndugu wa mume wangu. Mzee ndiye mkuu wa programu yetu huria ya kukokotoa dozi za watoto. Jina tulimpa sisi tunaojitolea, kwa kuwa hapitishi hata nukta. Msimbo, yale maagizo ya kompyuta, hana shida nao. Shida ni ujumbe unaoambatanishwa. Kila badiliko lieleze limefanya nini na kwa nini. Shemeji anaandika "nimerekebisha", "bado", "sasa basi!" Mama mkwe kaniomba nimsaidie, eti mimi ndiye niliyemwingiza kwenye mradi. Na tunaishi kwake. Haya.

Jumanne, 5 Machi
Nimeyakunja mabadiliko yake yote yakawa moja. Ujumbe mmoja, umenyooka! Zile jumbe zake za porojo nimezifuta bila kuzisoma zote. Jina lililotokea kwenye badiliko ni langu — kompyuta ni yangu. Mzee wa Nukta kasifu mbele ya wote. Kichwa kimenivimba kidogo.

Alhamisi, 14 Machi
Mfamasia wa zahanati inayotumia programu ameandika. Kikomo cha dozi kwa watoto wachanga hakipo. Aliishtukia hesabu kabla mtoto hajanyweshwa. Mungu wangu! Anauliza kwa upole: mlikiondoa kwa nini? Badiliko lina jina langu.

Ijumaa, 15 Machi
Shemeji anasema sababu ilikuwepo, aliiandika katikati ya zile porojo. Sasa haikumbuki, na nakala yake alishaifuta. Tukikirudisha kikomo kijinga tu, bila kujua sababu, huenda tukaharibu dozi nyingine. Mfamasia anapiga hesabu kwa mkono, foleni mlangoni. Nimelala vibaya. Naogopa.

Jumamosi, 16 Machi
Nilitaka kueleza ukweli asubuhi. Mama mkwe akanifuata jikoni, akafunga mlango. Shemeji ana usaili wiki ijayo, jina lake lisichafuke. "Wewe umeshazoea mambo hayo, mwanangu. Libebe tu kosa hili." Mume wangu anaendelea kunywa chai yake. Nimekasirika. Ila nikibeba nitaulizwa sababu — na sina!

Jumapili, 17 Machi
Mzee wa Nukta ameuliza hadharani mtandaoni: "Badiliko hili uliliandika wewe mwenyewe?" Anasubiri, mfamasia naye anasubiri. Neno moja linatosha: ndiyo au hapana. Shemeji kajifungia chumbani. Mama mkwe amevuta kiti, kavaa miwani, kakaa ubavuni mwangu. Anasoma kila herufi ninayobonyeza. Nimeandika "H". Ameweka mkono wake juu ya wangu, nisimalizie.