Mikanda ya Ukutani: Ipo kwa Dada, Haipo kwa Shemeji

Kwa heshima zote, na kwa masikitiko yanayostahili msiba wa mtu mzima, nautangazia umma wa Kasulu, Kibondo na vijiji vya katikati kwamba mikanda ya ukutani ya nyumba ya shemeji yangu, yaani ile nakshi ya saruji inayozunguka madirisha na kupita chini ya paa, ipo na wakati huohuo haipo.

Mpendwa Bi Kuruthumu, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa. Mimi ni kijana wa Ujiji, naishi hapa Kasulu kwa dada yangu Kudra na mumewe Athuman, mnunuzi wa maharage, na kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kubonyeza kila kitu hadi kitu kitokee. Mwaka huu dada alikasirika akarudi kwetu Ujiji, akakaa huko masika yote, akisema amechoka kulala chumba cha nyuma ya stoo akinusa dawa ya wadudu wa maharage, na harudi mpaka ajengewe nyumba ya watu, shemeji akakubali, nikapewa kazi ya ramani, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu dada anataka mikanda na shemeji hataki hata kuisikia.

"Nyumba isiyo na mikanda ni ghala," dada aliniambia kwenye simu. "Mwambie mimi ni mke, si gunia." Lakini mimi sikumwambia, maana shemeji naye alishanikalisha dukani akasema, "Kila ukingo Kasulu hii ni kitanda cha vumbi jekundu, na vumbi likitoka anahamia nyigu. Shemeji, nichoree ukuta ulionyooka, mkono upite usikwame."

Sasa programu ninayotumia ina ujanja wake: nyumba ni moja, ila unaweza kuifungulia picha nyingi, na kila picha unaiambia ionyeshe nini na ifiche nini, ukitaka ya juujuu ukuta unabaki mtupu, ukitaka ya kina kila nakshi inajitokeza, na kilichofichwa hakifutiki, kinakaa palepale kimya. Nikajiuliza, kwa nini watu wazima wagombane wakati kitufe kipo? Nikatengeneza picha mbili, moja nikaiita "Dada" na nyingine "Shemeji". Dada alipopelekewa yake Ujiji alilia kwa furaha, akapanda basi akarudi. Shemeji alipoona yake alinipiga bega akasema, "Hii ndiyo faida ya kuoa kwenye ukoo wenye akili." Ujenzi ukaanza kwa amani ambayo sijawahi kuiona katika nyumba ile.

Juzi tumemaliza kula, dada yuko jikoni, shemeji akataka aione tena nyumba yake, nikafungua kwa haraka, ikafunguka ya dada.

"Hiki nini kinazunguka dirisha?"

"Kivuli, shemeji. Jua la asubuhi."

"Jua gani hilo linalopiga kuta zote nne?"

Betri ikanihurumia, ikazima. Lakini sasa Fundi Reverien, mtu wa huko kwenu Kibondo, anataka picha kubwa ya mbele ya nyumba aibandike pale kwenye ujenzi, Ijumaa baada ya swala, mume na mke wote wakiwepo. Nikamwuliza kama naweza kumpa mbili.

"Nyumba ngapi?" akauliza.

"Moja."

"Ego, ndiyo hivyo. Basi picha moja."

Nikimpa yenye mikanda, shemeji atajua nimemchezea. Nikimpa isiyo nayo, dada atafunga mzigo, na ameshaapa kwamba akiondoka tena hata wazee watano hawatamrudisha. Nifanyeje, Bi Kuruthumu? Je, nikiionyesha mikanda nusu tu? Kompyuta inaruhusu.

Khatibu, Kasulu

MAJIBU

Khatibu mwanangu, hongera. Umegundua kwa kompyuta kile ambacho madalali wamekifanya kwa mdomo tangu zamani: nyumba moja, maelezo mawili.

Habari ya mikanda nusu sitaki kuisikia. Kitufe hicho kiliwekwa ili fundi anayetafuta mlango asisumbuliwe na maua ya dirishani. Wewe umekitumia kumrudisha mwanamke kwa mumewe, na kwa hiyo amerudi kwenye picha ambayo mumewe mwenyewe hana habari nayo. Najua ulitaka amani, na kuishi kwa dada kuna adabu zake, mtu hapendi kuwa chanzo cha sahani kuvunjika. Lakini hebu soma tena barua yako. Kudra anaongea na wewe. Athuman anaongea na wewe. Hao wawili hawajazungumza juu ya ukuta wao hata mara moja! Athuman hajui kuwa kwa mkewe mkanda ule maana yake ni kutoka nyuma ya stoo, na Kudra hajui kuwa mumewe anaogopa nyigu.

Sasa sikiliza. Alhamisi, wakishakula, waketishe wote wawili mbele ya hiyo kompyuta, na uichaji kwanza, isije ikakuhurumia tena. Fungua picha zote mbili, moja kando ya nyingine, na majina yake hayohayo. Sema, "Niliwadanganya," kisha unyamaze. Watakugombeza kwa pamoja. Vumilia, itakuwa mara ya kwanza tangu masika wanakubaliana jambo. Wakipoa, aitwe Fundi Reverien aulizwe kama ukingo wa juu wa mkanda unaweza kuinamishwa kama paa, vumbi liteleze na nyigu akose pa kujishika. Watakachokubaliana, chora hicho. Picha nyingine uifute. Nimesema uifute, usiifiche.

Na upunguze kutetemeka. Mikanda ya saruji hupigwa siku ya lipu. Nyumba yangu hapa Kibondo ina mwaka wa tisa, na bado haijapigwa lipu.